Mama Kuoza wa Sanyuanli

Jina la Mama Kuoza alibandikwa na Watanzania wenzake pale Sanyuanli, mtaa wa wafanyabiashara Waafrika mjini Guangzhou, China, na hakulipenda hata siku moja. Jina lake hasa ni Bibiana, mwanamke wa Babati, mfanyabiashara wa nguo za watoto, aliyeanza kwenda Guangzhou enzi zile Mwafrika akipita barabara ya Guangyuan Xilu watu wanaacha bakuli zao wamtazame. Baadaye mji ukachangamka. Maghorofa ya nguo yakafurika, wapagazi wakawa wanakukanyaga na mabelo yao ya nguo halafu wanakufokea wewe, na kila mtu akawa ananunua chochote kinachonunulika. Wenzake walihangaika na zipu zinazokatika na viatu vinavyobanduka soli. Yeye akawa anazunguka maduka akiuliza kama mali itaoza. Walicheka mpaka wakashika mbavu, watu wazima na akili zao, na hakuna aliyejisumbua kumuuliza kisa ni nini.

Kisa ni ng'ombe. Felisia, mjane jirani yake kule nyumbani, alikuwa na ng'ombe mmoja tu wa maziwa, na maziwa hayo ndiyo yaliyolisha nyumba na kusomesha watoto. Kiangazi kimoja ng'ombe akagoma kula, akavimba tumbo, akafa. Bibiana alikuwepo walipompasua. Vilichomoka tumboni vikombe vidogo vya plastiki, viganja kwa viganja, vimeshikamana na majani kama uchafu wa mtaroni. Felisia aliviokota kimoja kimoja akavipanga juu ya ngozi.

Kila aliyesimama pale alivijua. Risasi ya bunduki ya marisau ina kikombe hicho ndani yake, kimekaa kati ya baruti na zile punje za risasi. Bunduki ikilia, punje zinamfuata kanga, kikombe kinaanguka majanini. Wawindaji walikuja na leseni zao na kofia zao, wakapiga ndege kando ya bwawa ambako mifugo inakunywa, wakaokota walichoua wakaondoka. Vikombe waliwaachia wenye ng'ombe. Na aliyewajazia risasi hizo alikuwa Kasmir, mdogo wake Bibiana wa tumbo moja. Kasmir alifanya kazi kwenye karakana ya bunduki mjini: anaokota maganda yaliyokwisha kupigwa, anatia fataki mpya, baruti, kikombe, marisau, anakunja mdomo wa ganda, risasi imerudi kuwa risasi. Fundi mzuri, hilo halikatai mtu.

Kijiji kilikaa kikaamua. Wawindaji hawakanyagi tena bwawani mpaka risasi zao ziwe na vikombe vinavyooza. Bila wawindaji Kasmir hana kazi, na Kasmir ana watoto. Basi Bibiana akasimama mbele ya mkutano akasema yeye anakwenda China, huko kunatengenezwa kila kitu, atavileta. Kisha akamshika Felisia mkono akamwambia, "Dada, msimu ujao hakuna mnyama atakayekufa kwa plastiki. Nimekuahidi mimi."

Kwenye maonyesho ya biashara ya Pazhou, Guangzhou hukohuko, alizunguka mpaka miguu ikavimba, akampata bosi mmoja aitwaye Liang, mwenye kiwanda cha vifungashio. Liang alimtengenezea sampuli ya karatasi iliyosagwa ikashindiliwa, kitu cha namna ya trei ya mayai. Bibiana akaitia kwenye glasi ya maji palepale kwenye banda, ikalainika, ikamomonyoka. Alitaka kumbusu yule mzee!

Kilichoharibu mambo ni neno moja. Kichina cha Bibiana kilikuwa cha sokoni, cha kugombea bei na kurudisha mali. Kwa kuoza alijua neno moja tu, *lan*, lile alilokuwa akilirusha kila siku Guangyuan Xilu akionyeshwa shati lililochanika: "*Lan! Bu yao!*" Bovu hili, silitaki. Sasa alipotoa oda akamwambia Liang kwa msisitizo, huku akigonga meza, "*Yao lan. Lan hao!*" Nataka lioze, kuoza ndio kuzuri. Liang akacheka, akamgonga begani, akasema *mei wenti*, hakuna shida.

Maboksi yalifika kwenye ofisi ya mizigo Sanyuanli, yamepangwa vizuri, yananukia upya. Vikombe vilikuwa vya kahawia ileile ya sampuli. Bibiana alichukua kimoja akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji chumbani kwake, maana hakuzoea kuamini boksi. Alikwenda sokoni akarudi, kinaelea. Akalala akaamka, kinaelea. Akakiuma kwa jino. Kilikuwa plastiki tupu, iliyotiwa rangi.

Damu ilimchemka. Alimkokota Lusajo, kijana wa Mbeya aliyekuwa akisoma uhandisi kule kwa ufadhili, akamkalimanie, wakamkuta Liang ofisini kwake anakunywa chai. Bibiana alimwaga vikombe juu ya meza, vingine vikaingia kwenye chai.

"Muulize," alisema, "muulize kama mimi ananiona mjinga! Amenipiga changa la macho!"

Lusajo akauliza. Liang akaeleza kwa upole, tena kwa fahari, na Lusajo alipogeuka alikuwa anauma midomo asicheke.

"Mama, anasema hakukudanganya. Anasema ulilalamika sana kwamba sampuli inaoza, ukapiga na meza. Anajua wageni mnachanganya kutaka na kutotaka. Kwa hiyo akakurekebishia. Hii haiozi kabisa. Amekuhakikishia, hata miaka mia."

"Nilimwambia *nataka* ioze!"

"Anasema hakuna mteja duniani anayetaka mali mbovu, mama. Rangi amekuwekea ileile kwa sababu uliipenda."

Hapo Bibiana alitaka kupasuka. Amgombeze nani? Mzee wa watu alikuwa amefanya kile ambacho wanunuzi wote wa Afrika, na yeye akiwa wa mbele, walikuwa wakimpigia kelele afanye miaka nenda miaka rudi: tuletee kitu kisichoharibika. Aliomba vya karatasi vitengenezwe upya. Liang akatikisa kichwa kwa huruma. Mashine zilikuwa na oda nyingine mpaka baada ya msimu.

Alimpigia Kasmir simu kutoka kwenye kibanda cha simu kilichopakana na ofisi ya mizigo. Alitegemea mdogo wake atahuzunika.

"Vina rangi gani?" Kasmir aliuliza.

"Kahawia."

"Basi vilete, dada. Mimi navitia kwenye risasi, nani atajua? Nitawaambia vinaoza. Kwani mwenyekiti ana mashine ya kupimia?"

"Kasmir, ulimwona ng'ombe wa Felisia?"

"Nilimwona. Na wangu watakula nini? Ng'ombe amekufa, dada, watoto wangu wako hai. Usinikaushie riziki kwa ajili ya plastiki."

Bibiana alikata simu. Hasira yake haikujua ianguke wapi: kwa Liang na fahari yake, kwa wawindaji wasioinama kuokota, kwa ulimi wake mwenyewe, au kwa huyu mtoto aliyembeba mgongoni, ambaye sasa anamfundisha uongo. Alijua Kasmir atavipata vikombe vya plastiki popote, hata dada yake asipovituma hivi, na ataapa mbele ya mkutano kwamba ni vile dada alivyoleta. Wangemwamini kwa sababu ya jina lake yeye, Bibiana.

Akainua simu tena. Akampigia mwenyekiti wa kijiji.

"Mwenyekiti, shikamoo. Ni Bibiana, wa China. Vikombe vya kuoza havipo msimu huu. Nimekosea mimi. Atakayekuja na risasi akakwambia zinaoza, anakudanganya. Msiwafungulie bwawa."

Mwenyekiti akaitika. "Marahaba. Lakini mama, hiyo si ndiyo kazi ya Kasmir? Mdogo wako akija hapa akaniambia vinginevyo?"

"Nimesema atakayekuja," alisema Bibiana. "Naye yumo."

Akaweka simu chini, akatoka akaketi juu ya boksi moja la vikombe vile visivyooza, akalia kwa sauti mchana kweupe, wapagazi wakimkwepa na mabelo yao.