Mteremko wa Kwenda kwa Shangazi

Ukimtafuta yule fundi kwa jina alilopewa na wazazi wake, utazunguka mtaa mzima bila kumpata. Uliza Nyoosha, na hata mtoto atakuonyesha gereji yenye geti la mabati lililobonyea. Jina alilipata kwa kazi: gari likija linakwenda upande kama kaa, yeye hulinyoosha. Usukani uwe mzito, uwe umelegea, uwe unatetemeka, hakuna uliomshinda. Na jamani, alijua kwamba anajua. Hilo ndilo lililomponza.

Baba yake alikuwa na gari kuukuu la rangi ya krimu, milango imeota kutu, na safari yake ya maana kila wiki ilikuwa moja tu: kwenda kumwona dada yake mkubwa, shangazi yake Nyoosha, aliyeishi ng'ambo ya kilima. Siku moja mzee akaja gereji kulalamika kwamba akishuka kile kilima na kukanyaga breki, gari linamvuta kushoto.

Nyoosha akafanya nini? Akapima upepo wa matairi. Akachungulia kwenye tairodi, ile fimbo inayolisukuma gurudumu likate kona, akaona mpira unaoifunika kichwani bado mpya, kwa kuwa aliuweka yeye mwenyewe. Akaingia peke yake, akazunguka mtaa ambao ni tambarare kama meza. Gari likaenda sawasawa. Aliporudi, wateja walikuwa wamejaa kwenye benchi, naye akasema kwa sauti ya kuwatosha wote:

"Baba, gari ni zima. Kinachovuta kushoto ni mikono yako."

Benchi zima likaangua kicheko. Mzee naye akacheka, kisha akaitazama mikono yake, juu na chini. Funguo zikatundikwa kwenye msumari wa gereji. Mwanawe alisema ni kwa usalama wake, na akaahidi kumpeleka kwa shangazi mwenyewe kila Jumapili.

Ahadi hizo! Jumapili hii kuna mteja wa haraka, Jumapili ile fundi yuko hoi. Nyingine mzee alivaa shati lake la kutokea tangu asubuhi, akakaa barazani mpaka jua likazama, akaingia ndani kulivua. Shangazi akaugua, akafariki, na ndugu wale wawili hawakuonana tena.

Gari likatolewa gereji kwenda mazikoni. Wakati wa kurudi jamaa walibanana kiti cha nyuma, mzee akakaa mbele, Nyoosha akiendesha. Walipofika kwenye mteremko akakanyaga breki, na usukani ukamvuta kushoto kuelekea mtaroni. Akaurudisha kwa nguvu zake zote, jasho likimtoka. Baba yake alikuwa ameshika dashibodi kabla hata gari halijayumba.

"Hapo hapo," mzee akasema taratibu.

Kesho yake gereji ilifungwa kwa ajili ya msiba. Nyoosha akaliweka gari juu ya shimo, likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake, maana uchakavu mwingine hujificha gurudumu likining'inia kwenye jeki. Kipimo hicho kinataka watu wawili: mmoja auchezeshe usukani kidogo kidogo, mwingine awe chini, kiganja chake kwenye maungio. Hapakuwa na mtu mwingine ila baba yake. Mzee akaketi kwenye kiti chake cha siku zote, akauchezesha usukani kwa upole, kushoto, kulia. Chini ya ule mpira mpya, chuma kikagonga kiganja cha Nyoosha. Kikagonga tena. Tairodi ilikuwa imelika ndani kwa ndani, na yeye aliivisha nguo mpya bila kuukagua mwili. Akainamisha kichwa mle shimoni, akatamani asitoke.

"Umeona kitu?" mzee akauliza kutoka juu.

Angeweza kusingizia mzigo wa jana, na maneno yenyewe yalikwisha kumfika mdomoni.

"Ni bovu, baba," akasema. "Lilikuwa bovu tangu siku ile uliponiambia."

Usukani ukatulia. Mzee akashuka garini, akaenda zake nyumbani kwa miguu.

Nyoosha akabadilisha tairodi, akapanga magurudumu upya, akapakia mifuko ya mchanga nyuma na kuushuka ule mteremko tena na tena. Gari likashuka limenyooka. Ndipo akampelekea baba yake funguo pale barazani, akampa kwa mikono miwili na kumwomba radhi. Mzee akazipokea, akazipima kiganjani, kisha akamrudishia.

"Dada alikuwa akinipigia simu, ananiuliza mbona siji siku hizi," akasema. "Nikamwambia mikono yangu haifai tena. Wala sikuwa namdanganya, mwanangu. Nilikuamini."

Nyoosha akabaki amezishika zile funguo, na baba yake akamsogezea kiti akae.