Jirani wa Dirisha la Mbele

Miaka ile ya tisini, kila baridi ilipoingia, mzee na mkewe niliokuwa nawafanyia usafi Richmond Hill walikwenda kuota jua pwani ya kusini mwa Hispania, wakaniacha nilale kwao hadi theluji iyeyuke. Nyumba isikae tupu, walisema, mabomba yataganda. Makaratasi yangu ya ukimbizi yalikuwa bado, kwa hiyo mimi hata mpaka nisingeweza kuvuka. Nilizunguka vyumba vile kama mbuzi wa kamba, nikitazama postikadi zao za bahari kwenye mlango wa friji.

Faraja yangu ilikuwa mama mmoja wa nyumba ya mbele. Kwetu huamki ukaacha kumsalimia jirani, basi kila asubuhi nilifungua mapazia nikampungia mkono. Naye alikuwa pale pale dirishani, akanipungia. Hata nikiumwa nilijikokota hadi dirishani, asije akaingiwa na wasiwasi.

Waliporudi, ngozi zimeiva kwa jua, yule bibi akanisifu. "Jirani anasema hukukosa hata asubuhi moja. Tulimwomba awe anakuchunga."

Anichunge! Kumbe miezi yote ile nilikuwa naripoti kama mwenye kifungo cha nje, tena kwa tabasamu.

Baridi iliyofuata walipoondoka, sikufungua mapazia. Nilikaa gizani na chai yangu, nimenuna, nikijiona nimewakomoa. Chai haijapoa, simu ikalia. Nyuma ya sauti ya mzee nilisikia mawimbi.

"Mbona leo hujafungua mapazia?"