Viatu Vilivyoelekea Mlangoni

Mpelelezi aliyetumwa kutoka Japani ana vidole virefu, na sauti ya mtu anayechelea kumwamsha mgonjwa. Kila aingiapo nyumba ya wageni ya Mama Sun-rye, hapa Gunsan, huvua viatu, hupiga magoti na kuvigeuza vielekee mlangoni. Leo sajini alimkuta katika kuvigeuza.

"Afande, mbona hivyo? Unataka kutukimbia?"

"Kwetu Japani kila mtu hugeuza vyake akiingia."

Daktari alishasema kwamba mgeni wa Kijapani aliyekutwa amekufa katika chumba cha nyumba hii aliuawa na moyo wake mwenyewe, lakini viatu vyake vilikutwa vimegeuzwa vivyo hivyo, na sajini akashikilia kwamba mtu hageuzi viatu vyake mwenyewe, na aliyevipanga ndiye aliyeiingiza maiti chumbani. Kwa hilo tu Gil-su, mwana wa Mama Sun-rye, analala mahabusu.

"Basi aliingia kwa miguu yake," mpelelezi alisema taratibu.

"Umesikia, kichwa maji we?" Mama Sun-rye alimfokea sajini, machozi yakimchuruzika hadi kwenye kicheko. "Kaniletee mwanangu, supu inapoa!"

Mpelelezi alipiga magoti tena, akavigeuza viatu vya sajini vielekee mlangoni.