Muuza Mahamri na Profesa wa Vienna

Muuza mahamri wa Ukunda hana haraka na mtu. Kijana akimjia na "sasa, mathe," hujifanya anachochea moto, akamwacha asimame hapo mpaka shikamoo imtoke. Hapo ndipo mikono yake yenye unga hukunja gazeti na kumfungia mahamri mawili. Siku bintiye Hafsa alipofaulu mtihani wa mwisho kwenye chuo kikuu kikongwe cha Vienna, alimpigia simu ya video, naye mama akaiegemeza simu kwenye ndoo ya unga. Hafsa akamwonyesha profesa wake, ambaye kwa macho ya mama alikuwa kijana tu. Profesa akapunga mkono. Mama akamtazama, kimya. Profesa akapunga tena. Kimya. Mahamri yakaanza kuungua.

"Mama, mtandao umekwama?"

"Haujakwama. Namsubiri."

Hafsa akamnong'oneza profesa. Kutoka kwenye chuo cha miaka zaidi ya mia sita ikaja sauti inayojikwaa: "Shika... moo."

"Marahaba, mwanangu! Wazee hawajambo?" Uso ukamchanua, na kabla hajajitambua, mikono ilikwisha kufunga mahamri mawili na kuyanyoosha mbele ya simu.