Ngoma ya Mjomba na Zile Picha

Siku ya kwanza kazini nilipewa brashi laini, glavu za pamba na kichupa cha rangi ya kucha isiyo na rangi. Nikacheka. Mhifadhi Mkuu hakucheka. "Unapaka hapa chini pasipoonekana," akanionyesha kwenye chungu, "ikikauka unaandika namba kwa wino, unapaka tena. Namba ikifutika, hatujui tena chungu hiki ni cha nani." Ndivyo tulivyosajili vitu miaka ya tisini, kwenye makumbusho yetu madogo pale Rahaleo, kabla jengo halijageuzwa duka la saruji. Nyie vijana mnaouliza tulifanyaje kazi bila kompyuta, basi ndivyo.

Mzee yule alikuwa mkali, lakini kwake ahadi ilikuwa deni. Nilipomwambia mjomba wangu ana ngoma ya jando kijijini, upande wa Madimba, hakunituma kuinunua. Tulikwenda wote, tukakaa mkekani. "Naazimisha, sitoi," mjomba akasema. "Watoto wakiingia jando, mnaniletea." Wakashikana mikono. Kwetu Wamakonde mtoto ni wa mjomba. Mjomba akifa, mpwa anayeaminika ndiye anayerithi jina lake. Siku ile akanigeukia mbele ya watu. "Mpwa wangu ndiye atakayeichunga." Kila aliyekuwepo alielewa maana yake.

Na niliichunga. Ngozi ya pongo hukakamaa, kwa hiyo nilikuwa nikiipaka mafuta ya mbarika na kuiweka mbali na ukuta. Kila kiangazi ilikwenda kijijini, ikapigwa, ikarudi.

Miaka ya elfu mbili Mhifadhi Mkuu akastaafu, akaja Mratibu wa Mradi na kompyuta zake. Kazi ikawa kupiga picha kila kitu na kuzipandisha mtandaoni. Huko watu wa kujitolea, wengine ng'ambo, wengine Dar es Salaam, walituchapia maelezo ya kadi zetu zilizofifia. Sina ugomvi nao. Walifanya kazi bure na kwa moyo. Mama mmoja akauliza ngoma ile inalia vipi, nikaomba ruhusa tuipige tumrekodie.

"Haiguswi tena, wala haitoki," Mratibu akasema. "Sasa ni ya dunia."

Ya dunia! Dunia ilikaa lini mkekani kwa mjomba? Chumba kisichovuja wakazipa kompyuta, na feni na zulia juu yake. Vitu vyenyewe vikatupwa stoo ya nyuma, chini ya bati lililotoboka. Niliomba mabati. Nikaomba hata turubai. "Mzee, unahangaika na nini? Picha zipo." Nilipotaka kuipeleka ngoma kwangu, mlinzi alikuwa na amri ya kunipekua. Masika ile, ngozi ikaoza, mchwa wakala mti. Nililia, sioni haya kusema.

Kiangazi mjomba akaja mwenyewe, kanzu imepigwa pasi, kuchukua ngoma yake. Mratibu akampa soda, akamchapishia picha kubwa ya rangi. "Hii hapa, mzee wangu. Hii haiozi milele."

Mjomba akaiweka mezani, akaipiga taratibu kwa kiganja. "Mbona hailii?"

Mratibu akacheka, akidhani ni utani. Mjomba wala hakumtazama. "Mpwa wangu, ngoma nilikupa wewe, sikumpa huyu."

"Mjomba, niliwaomba sana…"

"Uliwaomba." Akatikisa kichwa. Nikampeleka stoo. Akakusanya vipande vya mti kwenye shuka, akajitwika, akaondoka. Nilitaka kumpokea mzigo, akakataa. Mwaka ule watoto wetu waliingia jando kwa ngoma ya kuazima kijiji jirani.

Nilistaafu na cheti cha utumishi mwema, na hotuba ya Mratibu kwamba nimehifadhi urithi wa taifa. Loo, urithi! Nyie mnaoingia kazi hii leo, pigeni picha, si vibaya. Lakini kwanza ezekeni paa, na cha mtu kikiazimwa, kirudi kwa mwenyewe.

Mjomba alifariki baadaye. Siku ya arobaini ukoo ulikaa kurithisha jina lake, na mimi nikakaa mbele, mahali pa mpwa mkubwa. Wazee hawakubishana hata kidogo. Jina akapewa mdogo wangu, fundi baiskeli wa Mikindani, ambaye hajawahi kulipwa na mtu kutunza kitu chochote.