Siku Nilipomfanya Mgeni Apige Ndoo Teke

Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia sokoni Ishiara, kwa sababu huko wameitia chumvi, na aibu yangu, jameni, ilikuwa imekolea tayari.

Siku hiyo tulikuwa tunafungua maji ya mfereji, na mgeni wetu alikuwa Bwana Henry, mzungu mzee aliyetuchorea njia ya bomba na kushika jembe pamoja na sisi kwenye hili jua la Mbeere (mgongo umepinda, lakini kazini hakosi). Mtafsiri hakufika. Mwenyekiti wa mradi akauliza nani anajua Kiingereza vizuri, na mkono wangu, sijui ulitumwa na nani, ukapanda juu.

Nilianza sawasawa, nikatafsiri kwa Kimbeere mpaka akina mama wakanipigia vigelegele, kichwa kikavimba. Kisha mzee akasema aliomba Mungu sana asije aka-kick the bucket kabla ya kuona haya maji. Sasa kick ni teke, bucket ni ndoo, ugumu uko wapi? Nikatangaza kwa spika, "Anasema alikuwa anangoja maji yafike ndio apige ndoo teke!"

Watu walishangaa kidogo (lakini kila watu na mila zao, ama?). Shosho Ciarunji, bibi kizee wa kijiji chetu, ambaye amebeba maji mgongoni tangu usichana wake, akainuka, akakinga ndoo ya kwanza kabisa, ikajaa, akaiweka miguuni pa mgeni.

"Piga, mwanangu."

Umati ukaitikia, "Piga! Piga!"

Mwalimu mkuu akanivuta shati. "Njeru, umeua mgeni! Hiyo maana yake ni kufa!"

Nikamweleza Bwana Henry ukweli wote, jasho likinitiririka, nikingoja anifokee. Yule mzee alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akavua kofia, akamwinamia shosho, akaigusa ndoo kwa ncha ya kiatu, polepole, maji yasimwagike. Akachukua maiki, akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, "Nimepiga. Na bado mimi iko!"

Shosho alipoelezwa alimshika mikono yote miwili. "Kumbe nilikuwa nakuua, na wewe unaniinamia?" Wakacheza pamoja pale kwenye matope. Mtu mwingine angenianika. Huyu alifanya aibu yangu ikawa sherehe, na mpaka leo namheshimu kama baba.

Mimi nimeapa: neno nisilolijua nitauliza, hata nikiwa jukwaani. Juzi mchungaji aliniomba nitafsiri harusi ya mwanawe, nikamwambia pasta, hapo niwekee sufuria za kuosha tu.