Ukuta wa Kijani na Hina ya Bibi Harusi

Mwenye studio yetu ya kurekodi harusi, mjini Lubumbashi, alinipa skrini mbili nichague moja ya kusahihishia rangi. Moja ilikuwa kubwa, inang'aa hadi wapita njia wanasimama mlangoni. Nyingine ilikuwa ndogo na nzito, moniteur ya kazi, haina hata kitufe cha kutafuta stesheni. Nikachagua ndogo.

"Citoyenne, hii iko kidogo sana. Clients batacheka," patron, mwenye studio, akaniambia.

"Bacheke, patron. Ile kubwa inapamba kila sura."

Nilijifungia stoo, gizani, na bisibisi yangu. Nikaweka picha ya kijivu, nikazungusha skrubu za nyekundu, kijani na bluu kidogo kidogo, mpaka kijivu kikawa kijivu kweli. Nilitoka naimba.

Tukaihamishia chumba cha montage, cha kuunganishia picha, ambacho patron alikipaka kijani cha Chama tawala, kuta na dari, akitegemea wakubwa wa Chama watatutembelea. Kazi ya kwanza ilikuwa harusi ya mtaa wa Katuba, familia ya watu wa Maniema. Bibi harusi alikuwa ameshamfuata mumewe kule mbali, Pweto. Mama yake alibaki na kaseti hiyo tu. Kwenye skrini wote walionekana wekundu mno. Nikapunguza nyekundu kwenye kisanduku cha kusahihishia rangi ya kaseti mpaka nikaridhika.

Siku ya tatu baada ya kuichukua, mama wa bibi harusi akairudisha kaseti, ameifunga kwa kitambaa.

"Mikono ya mutoto yangu iko sawa alishika makala ya jiko. Na ile hina nilipaka mi mwenyewe."

Patron akaniambia nitengeneze kabla ya Jumamosi, la sivyo narudi kaunta kuuza kaseti tupu, na skrini kubwa inachukua nafasi. Iliniuma. Ile kazi niliipenda kuliko chakula.

Nikaibeba moniteur kurudi stoo, nikague skrubu. Nikazima taa, nikacheza kaseti: bibi harusi wa kijani kama majani ya sombe! Nikairudisha montage: mzima kabisa, anameremeta. Stoo, mgonjwa. Montage, mzima. Nilienda na kurudi mara tatu, jasho linanitoka, nacheka peke yangu kama mwehu. Skrini haikuwa na kosa. Jicho langu lilishiba kijani cha ukutani, likaona wekundu usiokuwepo.

Lakini nani angethubutu kupaka rangi nyingine juu ya rangi ya Chama? Nikaleta kutoka nyumbani mablanketi ya kijivu aliyopewa baba mgodini, nikayatundika kuta zote na darini. Patron akashika kichwa.

"Na bakubwa bakifika?"

"Tutashusha, patron."

Nikaanza upya kutoka kaseti ya kamera, na safari hii karibu sikugusa chochote.

Jumamosi niliipeleka kaseti mpya Katuba mwenyewe. Mama alikaa karibu na televisheni. Mikono ya binti yake ilipotokea, hina ilikuwa nyekundu ya udongo, ua kwa ua mpaka kwenye kiwiko. Akaniomba nisimamishe hapo hapo. Picha ikasimama, inatetemeka kidogo. Akafuata maua kwa kidole juu ya kioo, akafika kwenye jani moja lililopinda karibu na kidole cha mwisho.

"Hapa alicheka," akasema. "Mukono ikatikisika, nikakosea."

Hakuondoa kidole chake. Nami sikuicheza tena mpaka aliponiambia.